Kubalansi konrodi na pistoni za injini ya zamani, hatua kwa hatua

Kubalansi hapa ni kuzifanya pistoni zote zilingane uzito, na konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki, ile shafti inayozunguka) vilevile. Juzi nilikuwa namsaidia jamaa yangu anayefufua injini ya silinda nne, akaniuliza pistoni mpya za kwenye boksi za nini kupima tena. Tukazipima: nyepesi na nzito zimepishana gramu 7. Gramu 10 tu zikizunguka sentimita 4 kutoka katikati ya krenki, kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, zinavuta kama mzigo wa kilo 16, kwahiyo usidharau.

Hatua 1: Mashine kwanza
Kuboa silinda (kupanua tundu lake) na kusaga krenki viishe kabla ya mizani. Pistoni nunua mapema, fundi azipime upana kwa maikromita (kifaa cha kupimia vipimo vidogo sana) aboe kufuata vipimo hivyo hivyo, sio kufuata maandishi ya boksi.

Hatua 2: Alama
Kila konrodi na kepu yake (kile kipande cha chini kinachofungwa kwa bolti kuzunguka krenki), namba moja. Usichanganye.

Hatua 3: Pistoni
Pima pistoni na pini yake (inayoishika kwenye konrodi), halafu kabla hujakata chochote hamisha pini kwanza, nzito iende kwa pistoni nyepesi, mara nyingi nusu ya kazi inaishia hapo. Kilichobaki punguza kwa ndani, chini ya tundu la pini. Kichwa na mifereji ya ringi usiguse. Zikipishana isiyozidi nusu gramu inatosha.

Hatua 4: Konrodi
Hapa ndo nilipoteza jioni nzima mara ya kwanza. Konrodi haipimwi uzito mzima tu, maana upande mkubwa unazunguka na krenki na ule mdogo unapanda na kushuka na pistoni, kwahiyo unaning'iniza upande mmoja kwa kamba, mwingine unakaa kwenye mizani, kisha unageuza. Mimi nikapima konrodi moja mara nne nikapata namba nne tofauti, nikalaumu mizani, nikabadili betri, kumbe kamba ilikuwa imeinama kidogo na feni ilikuwa inapuliza! Kamba isimame wima kabisa, konrodi ilale sawa, vituo vya matundu mawili viwe usawa mmoja. Sasa kipimo cha kujua umepatia: jumlisha upande mkubwa na mdogo, lazima ilingane na uzito wa konrodi nzima. Isipolingana usiguse chuma, rudia.

Halafu pima ikiwa na bolti utakazofunga kweli, maana ukija kuweka mpya baadaye uzito umebadilika, kazi bure. Zote zifuate ile nyepesi, upande kwa upande. Toa chuma kwenye vile vinundu vya chini ya kepu na juu ya upande mdogo. Mimi natumia mashine ya msasa wa mkanda, grainda ya mkono siitaki kabisa hapa, inachimba. Na mikwaruzo ifuate urefu wa konrodi, ule wa kukata upana ndo ufa unapoanzia.

Hatua 5: Krenki
Ipeleke kwa mwenye mashine ya kubalansi pamoja na flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya krenki), kava ya klachi na puli ya mbele, ukiwa umezigonga alama zirudi palepale. Silinda nne za mstari hazihitaji uzito wa bandia (unaofungwa wakati wa kubalansi badala ya konrodi na pistoni) kwenye jenoli, pale konrodi zinapofungwa. V8 ya nyuzi 90 (silinda nane, safu mbili zilizopishana pembe hiyo) inahitaji, kwahiyo mpe huyo fundi gramu zako zote, hadi ringi na beringi.

Hatua 6: Kuosha
Toa plagi (vizibo) za njia za oili kwenye krenki, pitisha brashi na maji ya moto yenye sabuni, kausha, paka oili hapohapo. Ukipitisha kitambaa cheupe kikitoka na weusi, osha tena.