Nyama ya soya na ndugu zake: kama una aleji soma hii kabla hujala

Hizi nyama zisizo na nyama, soseji za soya, baga za njegere, naget za kuvu, watu wanazichukulia kama kitu kisichoweza kumdhuru mtu manake eti ni mimea tu. Sasa kwa mwenye aleji hiyo mimea ndo shughuli yenyewe! Soya, ngano, karanga, korosho, ufuta, vyote vya shambani na vyote vinaongoza kwa kuleta aleji, alafu kiwandani wanaondoa mafuta na wanga wanabakiza protini karibu tupu, na protini ndo inayoamsha aleji. Kwahiyo kipande kimoja cha baga kinaweza kuwa na protini ya njegere nyingi kuliko bakuli zima la njegere, na kuna watu njegere za kuchemsha wanakula fresh kabisa ila ile ya unga kiwandani inawavimbisha.

Cha kwanza, geuza paketi. Mbele ni matangazo, habari iko nyuma kwenye orodha ya viambato, na usome yote mpaka mwisho, usiishie kwenye yale maneno ya wino mzito. Nchi za Umoja wa Ulaya zinalazimisha vyakula 14 vya aleji vitajwe kwa kukolezwa, Marekani ni 9 (ufuta ndo ulioongezwa wa mwisho, tarehe 1 Januari 2023). Njegere hazimo kote kote. Lupini, ambayo ni jamii ya kunde na unga wake unawekwa sana kwenye hizi bidhaa, Ulaya imo ila kwenye zile 9 za Marekani haimo, na lupini ndo ya kuogopa zaidi kama una aleji ya karanga kwasababu zinafanana kwa protini. Sio kwamba mwenye aleji ya karanga aache kunde zote, wengi wanakula soya na dengu bila shida, ila lupini muulize daktari kwanza.

Ukikuta "seitani" jua ni gluteni yenyewe, ile protini ya ngano, yaani unga wa ngano umeoshwa wanga wote ukaisha ikabaki ile nyama nyama ya kunata. Mwenye ugonjwa wa siliaki, yaani ule ambao gluteni inaharibu utumbo, asiguse. Na usidhani baga ya soya haina ngano, mara nyingi imo, inashikilia zile chembe zisimomonyoke.

Alafu kuna hili la vejeteriani na vigani, watu wanachanganya sana. Vejeteriani inaweza kuwa na yai na maziwa, bidhaa nyingi za Quorn (chapa ya nyama ya kuvu) kwa mfano zimeshikizwa na ute wa yai. Vigani haina, lakini hapo inamaanisha mtengenezaji hajaweka maziwa kwa makusudi, haimaanishi ile mashine asubuhi haikupitisha jibini. Maneno kama "huenda ina chembe za maziwa" nchi nyingi ni hiari ya kiwanda kuyaandika, kwahiyo yasipokuwepo usijipe uhakika. Kama aleji yako ni kali waandikie kiwanda uwaulize mashine wanazitumiaje.

Hiyo Quorn yenyewe, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1985, ni kuvu wanaofugwa kwenye matanki, sio uyoga wa kuchuma, na wapo wanaotapika ndani ya masaa machache baada ya kula. Mwenye aleji ya ukungu awe makini. Na zile baga za wadudu, kama kamba au kaa wanakudhuru achana nazo kabisa, hao ni ndugu.

Sasa jikoni. Baga inayotoa "damu" isikudanganye, ule wekundu kwenye baga za chapa ya Beyond ni biitiruti na kwenye za Impossible ni protini ya soya inayotengenezwa na hamira, kwahiyo rangi haikwambii imeiva au bado. Pika mpaka katikati ifike nyuzi joto 74, kama una kipimajoto kichomeke. Nyama ya soya kavu inakaa kabatini muda mrefu tu, ila ukishailoweka ihesabu kama nyama mbichi, ikamue, ipike au iweke friji, isilale mezani, mwisho masaa mawili. Tempe, yaani soya iliyochachushwa na kuvu ikashikana, kama haijapashwa moto kiwandani pia ipike vizuri, mwaka 2012 kule North Carolina watu waliugua salmonela kupitia tempe ya aina hiyo. Na kama unajitengenezea baga za maharage mekundu, yaloweke, mwaga hayo maji, alafu yachemke kwa nguvu dakika 10 au zaidi kabla ya chochote. Maharage hayo mabichi yana sumu, na moto wa polepole hauiui.

Ukila nje, uliza mafuta. Baga ya mimea ikikaangwa kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga kamba, kwa mwenye aleji ya kamba hapo hakuna cha mimea tena. Wahudumu wengine watakujibu "haina nyama" kana kwamba ndo ulichouliza, rudia swali taratibu.

Kujaribu bidhaa mpya: kidogo, mchana, ukiwa na mtu, na isiwe siku unayojaribu kitu kingine kipya. Ila kama ulishawahi kupata shoki ya aleji usijijaribu nyumbani, hiyo ni kazi ya hospitali. Midomo ikiwasha tu acha kula ujiangalie. Koo likibana, pumzi ikikata, sauti ikikauka au ukaanza kuzirai, ni sindano ya adrenalini hapo hapo, piga simu ya dharura, ulale miguu juu, au ukae kama pumzi ndo inasumbua. Vidonge vya aleji vinapunguza muwasho, havifungui koo. Na hata ukipata nafuu nenda hospitali, inaweza kurudi baada ya masaa.

Jambo dogo lakini linasaidia: piga picha lebo kabla hujatupa paketi. Viwanda vinabadilisha mchanganyiko bila kutangaza, paketi rangi ile ile, na daktari akikuuliza ulikula nini unamwonyesha simu.