Kisumu hadi Jinja kupitia Busia

Mkenya huingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Pasipoti si lazima. Beba chenyewe, si nakala, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Busia ni kituo cha pamoja: ukienda, unavuka na kuhudumiwa na maofisa wa nchi zote mbili upande wa Uganda, ukirudi, upande wa Kenya. Mtu wa boda akikuahidi njia ya panya, kataa katakata, maana bila rekodi ya kuingia utahangaika kutoka. Pesa badilisha kwenye duka la kubadilishia fedha, uzihesabu papo hapo dirishani. Chanzo cha Nile, pale Jinja, kinastahili asubuhi nzima, tafadhali usikipitie mbio. Maoni yako ya safari andika jioni ileile: nauli, bei ya rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai), ulichokistaajabia. Ukilala kwanza, bei huchanganyika.