Kutunga baleti juu ya simfonia: nilivyofanya Mikindani

Nilichukua Simfonia ya C, muziki mrefu wa okestra wa Mfaransa Bizet, aliyoiandika mwaka 1855 akiwa na miaka 17. Ina sehemu nne, na yote haizidi sana nusu saa. Balanchine, mtunzi wa baleti, aliitungia baleti Paris mwaka 1947: kila sehemu na rangi yake na jozi yake kuu ya wachezaji, kisha mwishoni wote wanarudi jukwaani. Mimi nina watoto 14 tu, lakini mpango ule ule unanitosha.

Usianze na hatua, anza na masikio. Watoto wetu wamekulia kwenye sindimba. Ngoma ndiyo inayowaambia ingia, zunguka, toka. Kwenye simfonia hawamsikii mpigaji wa kuwaita, wanapotea. Wiki tatu nilihesabu moja mpaka nane hadi sauti ikakauka. Kumbe sehemu ya pili haikubali nane: mapigo yake ni tisa, matatu matatu. Nikawaketisha chini ya mwembe, nikawaambia, "Mkisikia obo, ile filimbi inayoongoza wimbo hapa, inueni mkono." Bibi mmoja aliyekuwa akipepeta mchele pale pale akauliza, "Mwalimu, hiyo si zumari?" Karibu sana, bibi. Zote mbili hupulizwa kwa matete mawili yaliyobanana. Tangu siku ile watoto wanaita sehemu hiyo "ya zumari", na hakuna anayechelewa kuingia.

Wimbo ukirudi, mrudishe mtoto yule yule na hatua zile zile. Mtazamaji ambaye hajawahi kusikia simfonia atashika hapo.

Sakafu usiibanie pesa. Saruji inaumiza magoti na visigino. Panga vipande vya sponji, laza plaiwudi juu, viungo vyote uvibane kwa tepu, halafu ipite mwenyewe peku kabla ya mtoto yeyote. Viatu vya kusimamia ncha za vidole sivitumii kabisa. Mifupa ya mguu wa mtoto wa miaka kumi haijakomaa.

Mazoezi yaishe Septemba. Korosho zikianza kudondoka, nusu ya kikundi iko shambani na wazazi.

Onyesho liwe saa kumi na moja jioni, spika ya kuchaji, umeme usiutegemee. Sehemu ya nne anza na kundi lake peke yake, halafu ingiza la kwanza, la pili, la tatu. Warefu nyuma. Yule mtoto mdogo anayecheza sehemu ya zumari msimamishe mbele, katikati, bibi yake amwone.