Ukikurupuka usiku pumzi imekwama, inua mchago

Ukishtuka usingizini koo limebana, hewa haiingii na mdomoni kuna uchachu, usikimbilie kusema ni pumu au jinamizi. Huenda ni asidi ya tumbo imepanda hadi kooni, nyuzi za sauti zikajifunga ghafla ili isiingie mapafuni. Inatisha kweli, lakini kwa kawaida mkazo huo huachia wenyewe ndani ya dakika 1 hivi. Kaa wima. Usivute hewa kwa pupa. Ivute polepole kwa pua, uitoe kwa midomo iliyobanwa kama anayepuliza mshumaa.

Kinga yake inaanzia kitandani. Kurundika mito hakusaidii sana (nililalia mitatu kwa miezi, nikaambulia maumivu ya shingo tu), kwa sababu mwili hukunjika kiunoni na tumbo likazidi kubanwa. Afadhali uweke vipande vya mbao imara chini ya miguu ya kitanda upande wa mchago, sentimita 15 hadi 20, ili kiwiliwili chote kilale kwa mteremko. Lalia ubavu wa kushoto: hapo tumbo hukaa chini kuliko umio, na asidi hupata shida kupanda. Chakula cha mwisho kitangulie usingizi kwa muda wa saa 3 hivi. Pombe ya usiku nayo iache.

Ila ukiambiwa unakoroma kisha pumzi inakatika kwa sekunde kadhaa, au chakula kinakwama ukimeza, mbao hazitoshi. Mwone daktari.