Mambo ya kuzingatia kabla ya kwenda kwa sikologi ao sikiatri, wewe mwanafunzi wa Lubumbashi

Wengi wanajitayarisha kwa siku ya kwanza tu. Wanatafuta feza ya fishi ya kuonana na munganga na ya taksi, wanajikaza wanaenda, munganga anaandika dawa, wanameza mwezi mmoja, wanapata nafuu kidogo, feza inaisha, na hadisi inaishia pale. Siku ya kwanza kila mtu anasaidia, ndugu wanachanga, promosyo, yaani wenzako wa darasa, inachanga, yaya wa Kolwezi anatuma kwa M-Pesa, lakini mwezi wa tatu unabaki wewe na mama yako. Kwa hiyo haya yote ya hapa chini naangalia zaidi huo mwezi wa tatu.

Kwanza ujue unaenda kwa nani. Sikologi anakusikiliza, anaongea na wewe, anakuonyesha namna ya kushika woga na mawazo yanayozunguka, haandiki dawa. Sikiatri ni munganga, amesoma udaktari wote kisha akaongeza spesyalite, yeye anaandika dawa. Ila masikiatri ni wachache sana kwa nchi yenye watu zaidi ya milioni 100, kwa hiyo mara nyingi utakutana kwanza na daktari wa kawaida ao infirmieri, na hilo si la kudharau. OMS, yaani Shirika la Afya Duniani, iko na programu inaitwa mhGAP, ilianza 2008, kazi yake ni kufundisha madaktari na mainfirmieri wasiokuwa masikiatri watunze depresyo, kifafa, na hata mtu anayesikia sauti. Sasa utajuaje mlango gani? Kama unalala hata kama vibaya, unakula, unafika kwenye oditwari, lakini moyo ni mzito juu umefiwa, umeachwa, egzame inakukaba koo, anza kwa sikologi. Kama unasikia sauti zenye wengine hawasikii, ao unapitisha usiku mingi bila kulala na hausikii kuchoka, unaongea mbio mbio na unatumia feza yenye huna, ao unawaza kufa, usizunguke kwa sikologi, enda moja kwa moja pale kuna munganga.

Na mbele ya hapo, tafazali, angalia mwili. Mwenzako wa chumba amekuwa mzuri jumatatu, jumatano anaongea ovyo, hatambui watu, na ngozi inawaka moto, huyo si wa kupeleka kwenye akili kwanza, ni wa kupeleka urjansi haraka, wapime malaria, wapime sukari, waangalie kama si menenjiti. Malaria ikipanda kichwani inafanana kabisa na wazimu na inaua haraka, watu wanapoteza siku mbili kwenye maombi ao kwenye kubishana nani amemroga. Tena kuna dawa zingine zenyewe zinaweza kuvuruga kichwa, mefloquine ya malaria ni moja, kwa hiyo ukienda sema umemeza nini hizi wiki za mwisho.

Kuhusu pahali, Lubumbashi tuko na Centre neuropsychiatrique Docteur Joseph Guislain, hospitali ya magonjwa ya akili inayoongozwa na Mafrere wa Charité, mabruda wa Kikatoliki. Najua vile jina hilo linasemwa mjini, mtu akikukasirikia anakuambia enda Guislain, na ndio maana wanafunzi wanaona aibu kuonekana kwenye ule mlango. Guislain alikuwa munganga wa Ghent kule Ubelgiji, alizaliwa 1797 akafa 1860, alipigania wagonjwa wa akili watunzwe kama watu na si kufungwa minyororo. Na ukifika pale kwenye foleni utaona watu wa kifafa, watu wa kuumwa kichwa, watu wasiolala, si wale tu unaowafikiria. Upande wa iniversite, UNILU iko na fakulte ya sikolojia, unaweza kwenda kuuliza pale nani anapokea watu na siku gani, lakini uulize pia kama ni mtu amemaliza masomo ao ni mwanafunzi wa staje, yaani bado anajifunza kazi, na kama ni wa staje nani anamsimamia. Mwanafunzi wa staje anaweza kukusaidia vizuri, sikatai, ila usikubali hadisi yako igeuke kuwa mfano ndani ya memwari ya mtu bila wewe kukubali.

Sasa karatasi. Mbele ya kwenda chukua kaye, andika. Ukiwa mbele ya munganga utasahau nusu, utasema tu "sijisikii vizuri", naye ana watu wengine wanangojea inje. Andika tangu lini, maana kwa depresyo munganga ataangalia kama imepita wiki mbili, karibu kila siku, bila furaha ao bila hamu ya kitu. Andika unalala saa ngapi unaamka saa ngapi, chakula kinapita ao hakipiti, na masomo, mfano unasoma ukurasa mmoja mara kumi na haukai. Andika kama kwenu kuna mtu alishaugua hivi, baba mdogo yule wenye hamumzungumzie, ndiyo, huyo huyo. Na andika vitu unavyotumia, hapa usidanganye: Valium unayonunua farmasi bila ordonansi ili ulale, tramadoli, bangi, bia ya Simba, pombe kali ya lutuku. Munganga si pastere, hataki kukuhukumu, anataka asikupe dawa itakayogombana na kitu kiko tayari ndani ya damu. Valium pamoja na lutuku inaweza kuzimisha pumzi ya mtu usingizini. Na kama umeshakunywa Valium kila siku miezi mingi usiiache ghafla eti sasa naanza matibabu mazuri, kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege, inapunguzwa polepole na munganga. Bangi nayo, wale wanasema inatuliza, kwa mtu mwenye mwili unaoelekea kwenye kusikia sauti inamsukuma huko haraka.

Wadada, kwenu kuna ya kuongeza. Sema kama uko na mimba ao unaweza kupata, hata kama umekuja na baba mbele ya munganga omba dakika mbili za peke yako. Valproati, yenye wanauza kwa jina la Dépakine, inaharibu mtoto tumboni, na karbamazepini, yaani Tegretol, inapunguza nguvu ya vidonge vya kuzuia mimba. Uliza kabla, si baada.

Mtu wa kukusindikiza ni kitu kikubwa kuliko feza, mimi naamini hivyo. Chagua mmoja, si wanne. Kule ku mahomu ya Kasapa, pale wanafunzi wa UNILU wanalala, chumba kimoja kinaweza kuwa na wenyewe na mamakizari juu yao, yaani wale wanalala pale bila kuandikishwa, siri haikai, kwa hiyo chagua mwenye mdomo wake unamjua. Huyo ndiye atajua jina la dawa zako na saa, ndiye atakuangalia ukianza kugeuka, na mukubaliane mapema ukiwa na akili yako nzuri kwamba "siku nikianza kukaa usiku tatu bila kulala, unanipeleka hata kama nakataa". Hospitali zetu zikikulaza mara nyingi zinataka gadi-maladi akae na wewe, apike, anunue, sasa uliza mapema nani anaweza kuacha kazi yake, si usiku ule ule ndio munaanza kupigia watu simu. Tena andika namba za simu kwenye karatasi, SNEL ikikata umeme siku mbili simu inazima na namba zote ziko ndani.

Kuambia wazazi ni kazi. Baba mwingine akisikia "sikiatri" anasikia "mtoto wangu ameharibika, minervali ya masomo nililipa bure". Shauri langu, usianze na jina la ugonjwa, anza na vitu vinavyoonekana: "Mama, tangu wiki tatu silali, chakula hakipiti, nasoma haiingii, nimeenda kwa munganga, amesema kuna dawa ya kunywa miezi kadhaa na nitapona." Mama anaelewa mtoto asiyelala. Baba utamwambia baadaye, ao mama atamwambia kwa namna yake, anamjua. Kama nyumbani kuna shangazi ao kaka mkubwa mwenye anasikilizwa, pitia kwake.

Na maombi? Omba, nani atakukataza. Lakini veye, yaani mikesha ya maombi, za kila usiku na kufunga siku saba bila kula, kwa mtu ambaye usingizi wake tayari umeharibika, ni kumwagia petroli kwenye moto, mtu mwenye ugonjwa wa moyo kupanda na kushuka, wenye wanaita bipoleri, anaweza kupanda kabisa kwa sababu ya kukosa usingizi tu. Kama pastere wako anakuambia tupa dawa ili uonyeshe imani, hapo mimi namkatalia wazi. Kuna wapastere wanaosindikiza watu wao mpaka hospitali, tafuta wa namna hiyo. Blokusi, yaani kujifungia kusoma, nayo ni ile ile, kukesha na kahawa wiki nzima mbele ya egzame inaleta shida hata kwa mtu mzima, sembuse wewe.

Tufike kwenye feza, na dawa, maana zinaenda pamoja. Ukiwa kwa munganga uliza hivi bila haya: hii dawa kwa mwezi ni ngapi, nitainywa miezi ngapi, nitarudi mara ngapi, kuna jenerike? Jina la jenerike liandikwe, amitriptilini, fluoksetini, haloperidoli, ili uweze kuuliza bei kwenye farmasi mbalimbali. Halafu zidisha wewe mwenyewe kwa mwaka mbele ya kununua kidonge cha kwanza. Dawa za depresyo hazifanyi kazi kesho, zinachukua wiki mbili mpaka nne, zingine hata zaidi, na ukishapona munganga atakuambia uendelee tena miezi, OMS inasema kama miezi tisa mpaka kumi na mbili baada ya kupona, juu ukiacha mapema inarudi. Kama bei ya mwaka inashinda familia, sema pale pale, bora dawa ya bei ndogo unayoweza kumaliza kuliko ya bei kubwa ya mwezi mmoja.

Matatizo ya dawa ujue mapema ili usiogope ukaacha. Amitriptilini inakausha mdomo na kulaza, kwa hiyo inakunywewa usiku na asubuhi ya kwanza utaamka mzito, usianze kesho yake iko egzame kama inaweza kungoja siku mbili, uliza. Fluoksetini ni asubuhi, siku za kwanza tumbo linaweza kusumbua na usingizi kupungua. Haloperidoli ndiyo inatisha watu, saa zingine shingo inakakamaa inageuka upande, macho yanapanda juu, taya inakaza, na nyumbani wanapiga kelele wamemroga. Hapana, hiyo ni dawa, mrudishe hospitali haraka, kuna dawa nyingine ya kuilegeza na inafanya kazi kwa muda mfupi.

Kwa mambo ya fakulte, ukikosa egzame juu ya ugonjwa usingoje sesyo ya pili ndio uanze kueleza. Omba serifika ya munganga, na unaweza kumuomba aandike tu kwamba uko kwenye matibabu tangu tarehe fulani mpaka fulani, bila kutaja ugonjwa. Peleka kwenye sekretariati ya fakulte, baki na kopi yenye asikusesepsyo, yaani mhuri na sahihi ya mwenye amepokea. Kila fakulte iko na muda wake wa kupokea, uliza apariteri wa fakulte ao CP, mkubwa wa promosyo yenu, mapema. Munganga na sikologi hawana haki ya kutembeza siri yako, article 73 ya kode penali ya Kongo inaazibu anayetoa siri ya kazi yake, hata dekani akipiga simu.

Kuhusu kufa. Kama mwenzako anasema "mutabaki vizuri bila mimi", muulize waziwazi kama anawaza kujiua, kumuuliza hakumpi wazo, OMS inalisema hilo, kunamfungua. Usimwache peke yake usiku huo, toa dawa zote chumbani, na hata akitoka hospitali dawa zake zikae kwa yule msindikizaji anayempa za siku chache chache. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Hiyo ahadi usiifanye.

Kisha konje, yaani likizo. Hapa wengi wanaangukia, wanaenda Kalemie ao Kamina na vidonge vya wiki moja. Mbele ya kuondoka rudi kwa munganga, omba dawa ya muda wote wa konje pamoja na siku za njia, treni ya SNCC ikilala njiani unajua inaweza kulala vipi. Omba karatasi ya kukutuma kwa mwingine, yenye jina la dawa na dozi. Kama kwenu ni Bukavu kuna kituo cha akili cha SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu, zote mbili za Mafrere wa Charité wale wale, Kinshasa kuna hospitali ya akili ya CNPP. Na dawa ziweke kwenye mfuko unaoshika mkononi, si ndani ya valizi inayopandishwa juu ya lori.