Tangi la Land Rover kuukuu: likauke kwanza, epoksi baadaye

Land Rover aliyoiacha marehemu baba ni Series III fupi, ya petroli. Ilikaa chini ya mwembe hapa Tanga miaka tisa. Nilipoamua kuifufua, injini haikunisumbua kama tangi. Tangi lenyewe lipo chini ya kiti cha kulia, linachukua lita 45 hivi. Kwa nje chumvi ya bahari imelila, kwa ndani unyevu. Kwa ndani nimelipaka epoksi, rangi nzito inayoganda na kuwa ngumu, mara mbili. Mara ya kwanza kazi iliharibika, na sitaki limkute mtu mwingine.

Ilikuwa Aprili, masika. Nililianika tangi jioni moja, nikaliona kavu, nikamwaga epoksi. Baada ya miezi michache tukiwa njiani karibu na Pongwe, mama na watoto wamo, gari likazima. Tukikaa dakika tano linawaka, likienda kidogo linazima tena. Kumbe epoksi ilikuwa imebanduka kama ganda la kitunguu. Pampu ikivuta, kipande kinanasa kwenye mdomo wa bomba. Injini ikizima, kinaachia na kuzama chini. Ukiona gari linafanya hivyo, angalia tangi kabla hujagusa kabureta. Siku hizi kazi hii naifanya Januari au Februari, wakati wa kaskazi na jua kali.

Kabla ya yote, chomoa waya hasi wa betri na ufanyie kazi nje, mbali na jiko la mkaa, sigara na mashine ya kuchomelea. Tangi tupu ni la kuogopwa kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kimyakimya mpaka unakuta moto. Fungua bolti ya chini, kinga petroli kwenye dumu la chuma, kisha toa geji na mipira ya kujazia, ushushe tangi.

Lioshe kwa maji ya moto na sabuni ya kuoshea vyombo, mara tatu au nne, mpaka harufu iishe kabisa. Watu wengi hapa wana haraka. Petroli iliyolala huacha gundi ya kahawia, na dawa ya kutu haipenyi kwenye gundi wala mafuta.

Sasa kutu. Mimi natia nati ndogo 40, nazihesabu kwa sauti, nazifunga ndani ya tangi na maji kidogo, nalizungushia blanketi kuukuu na kulitikisa huku na huku na kijana wa gereji. Zikitoka nazihesabu tena. Nati moja ikibaki humo itakusumbua maisha yako yote. Kisha najaza maji ya uvuguvugu yenye asidi ya sitiriki (ile ya ndimu), kilo moja ya unga kwa lita 20, mpaka juu kabisa, maana kutu ya darini ndiyo inayosahaulika. Usikaze mfuniko, gesi inayotoka ipate njia. Vaa glavu na miwani. Baada ya saa 12 chungulia kwa tochi. Chuma kikiwa cha kijivu, mwaga. Kama bado, ongeza muda, lakini usiliache wiki nzima, asidi itaanza kula chuma chenyewe.

Hapa ndipo matundu yaliyokuwa yamezibwa na kutu hujitokeza. Tundu la ncha ya sindano epoksi italiziba. Kubwa kuliko hapo, mpelekee fundi wa lehemu aliyezoea matangi, na umwambie wazi kwamba lilikuwa la petroli. Bati likibonyea kwa kidole, tafuta tangi jingine.

Suuza kwa maji yenye magadi soda kuua asidi, halafu maji safi. Kuanzia hapa usiende hata kunywa chai. Chuma kitupu kilicholowa kinashika kutu ya rangi ya chungwa ndani ya dakika chache. Mwaga maji, mimina spiriti nusu lita, lizungushe kila upande, mwaga, rudia. Spiriti inabeba maji yaliyojificha kwenye mikunjo. Nayo inashika moto, kwa hiyo ile tahadhari ya mwanzo inarudi palepale. Likishatoka spiriti, lianike juani, matundu yote wazi, siku mbili.

Kujua kama limekauka, funika mdomo kwa nailoni inayoonyesha, ifunge kwa mpira, acha juani saa moja. Ukiona vitone upande wa ndani, rudisha nailoni mfukoni na uendelee kusubiri. Mara ile ya kwanza sikufanya hivi.

Nunua epoksi iliyoandikwa wazi kwamba ni ya ndani ya matangi ya petroli; rangi ya kawaida itayeyuka. Changanya na hadena, ile dawa ya kuigandisha, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, ziba midomo ya tangi, mimina, geuza tangi polepole mpaka kila ukuta ushike. Kisha mwaga yote inayobaki, kwani dimbwi likiachwa kwenye kona halikauki vizuri na hupasuka. Puliza bomba la kutolea mafuta na la kupumulia kila baada ya dakika chache mpaka epoksi ianze kuganda. Acha siku zilizoandikwa kwenye kopo, na mimi huongeza mbili.

Nje piga brashi ya waya, praima ya kuzuia kutu, kisha rangi mara mbili. Weka vipande vya mpira pale tangi linapogusana na chasisi. Tope hukaa hapo na kutu huanzia hapo.

Mara ya pili nilitia lita tano tu, nikakagua kila kiungo kwa kitambaa kikavu, nikaendesha mpaka Muheza na kurudi. Kwenye bakuli la kioo la pampu kulikuwa na petroli safi. Nilifungua tena baada ya wiki, kisha baada ya mwezi, na bado ilikuwa safi.