Kuchagua kinanda chepesi cha mazoezi ya bendi: anza na njia, duka baadaye

Kinanda changu cha kwanza cha bendi kilikuwa na vibonyezo 88 na uzito wa kilo 11 na ushei, begi mbali. Mimi nakaa Likoni, kusini mwa kivuko cha feri cha Mombasa, mazoezi yetu ni Bamburi, kaskazini ya mji. Jioni ya kwanza nilishuka nacho mteremko wa kivukoni wakati watu wa kutoka kazini wanapanda. Kila nikigeuka kumuomba mtu radhi upande huu, mkia wa begi unampiga mwengine upande ule. Ng'ambo, makanga akanitoza nauli ya watu wawili, na sikuwa na la kujibu kwa sababu kweli tulikuwa wawili. Wiki ya tatu nikaanza kubuni homa ili nisiende mazoezini.

Kwa hivyo somo hili halianzi na sauti wala rangi ya kinanda.

Hatua ya 1: Pima njia yako

Chukua futi ya fundi cherehani, fikiria kila chombo utakachopanda, halafu ndiyo uulize bei. Casio CT-S300 ina vibonyezo 61 vya ukubwa wa kawaida, urefu wa sentimita 93 na kilo 3.3. Hiyo inasimama baina ya magoti kwenye matatu. Yamaha NP-12 nayo ni 61, lakini imepita mita moja kidogo na ina kilo 4.5. Dukani huisikii tofauti hiyo. Ngoja usimame nusu saa kivukoni na begi mgongoni.

Ongeza pedali, adapta, waya na stendi. Stendi ya miguu ya X huweza kulingana uzito na kinanda chenyewe. Sisi tulichanga tukanunua moja, inalala palepale tunapofanyia mazoezi.

Hatua ya 2: Vibonyezo vingapi?

61 ni oktavu tano, na kwa bendi zinatosha. Mkiwa na mpiga besi, mkono wako wa kushoto hauna kazi kule chini. Ukijitia huko mtagombana naye tu, na yeye ndiye mwenye haki.

Kubwa zaidi ni kama kibonyezo kinasikia nguvu ya kidole. CT-S200 na CT-S300 ukiziweka pamoja ni pacha, uzito mmoja, lakini ile 200 uipige polepole au kwa nguvu sauti ni ileile. Hiyo tofauti ya bei ilipe. Mambo ya boksi kuandikwa sauti 400, mimi kwenye zilizopendwa na chakacha natumia tatu: piano, ogani na nyuzi.

Hatua ya 3: Geuza kinanda uangalie mgongo

Hapa ndipo wengi hawaangalii, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Vinanda vyepesi vingi havina tundu la kupeleka sauti kwenye mixa, ile mashine ya kuchanganya sauti za bendi. Vina tundu moja la hedifoni, ambalo hutoa sauti mbili, ya kushoto na ya kulia, kwenye jeki moja, yaani kile kichwa cha waya kinachochomekwa. Nilipopata kinanda changu chepesi nilinunua waya wenye jeki ndogo upande mmoja na jeki nene upande wa pili, zote za mistari miwili myeusi, nikachomeka kwenye mixa. Nikapiga kodi, nota kadhaa kwa pamoja. Piano haipo! Kilichotoka ni mwangwi mwembamba, kama mtu anapiga piano nyumba ya tatu. Nikapandisha sauti, mwangwi ukazidi, piano hakuna. Nilishaanza kumlaani aliyeniuzia. Mpiga besi wetu akaja kimya, akashika jeki pale kwenye mixa, akaivuta nje nusu. Piano ikarudi, tena kwa kishindo, maana sauti nilikuwa nimeiacha juu.

Sababu yake ni hii. Tundu nene la mixa mara nyingi huchukua kinachokuja kwenye ncha ya jeki na kupunguza humo, kama hesabu ya kutoa, kile kinachokuja kwenye pete iliyo baina ya ile mistari miwili myeusi. Hiyo ni njia ya kuondoa kelele za waya mrefu. Lakini wewe umepeleka kushoto kwenye ncha na kulia kwenye pete. Kilicho sawa pande zote mbili, yaani piano yenyewe, kinafutana. Kinachobaki ni kile kinachotofautiana, na huo ndio mwangwi.

Dawa ni waya wa panda: jeki moja ya stirio (sauti mbili) inayolingana na tundu la kinanda, jeki mbili nene za mono (sauti moja moja) upande wa mixa, uzichomeke kwenye njia mbili tofauti. Kinanda chenye matundu mawili ya jeki nene, kama Casio CT-S1 au Yamaha Reface, hakina shida hiyo. Ukiwa na njia moja tu ya mixa, tumia tundu lililoandikwa L/MONO.

Hatua ya 4: Stima na betri

Stima hupotea, na mazoezi hayangoji. Vingi vya vinanda hivi hula betri sita ndogo za AA. Za kutupa ni volti 1.5 kila moja, sita zinakupa 9. Za kuchajiwa ni 1.2, sita zinakupa 7.2, kwa hivyo kinanda huweza kudhani zimekwisha mapema. Baadhi, kama Yamaha PSR-E373, vina mahali pa kuchagua aina ya betri; ichague. Usipokipiga kwa wiki kadhaa zitoe, kwa chumvi na unyevu wa huku Pwani zikivuja utakuta ukungu wa kijani kwenye springi.

Adapta usiazime ovyo. Ya Casio CT-S300 ni volti 9.5, za Yamaha nyingi ndogo ni 12, na jeki zinaweza kuingiana. Soma volti, soma na kale kapicha ka kujumlisha na kutoa. Ampia zikizidi si neno, zikipungua ni neno.

Hatua ya 5: Ukinunua mtumba

Nenda na hedifoni na betri zako mwenyewe. Piga kila kibonyezo kwa nguvu moja, kimoja kimoja, vyeupe na vyeusi, muuzaji akichoka ni shauri lake. Kimoja kikipiga kelele kuliko jirani zake au kikinyamaza, raba ya chini imechafuka au imechoka. Tikisa jeki ikiwa ndani: sauti ikikatika, tundu limelegea. Fungua kifuniko cha betri uangalie kama kuna ule ukungu wa kijani. Basi.

Maswali ya wasomaji, kwa mitaa yao

*Kisauni: Kaka, Reface ya vibonyezo 37 ina kilo 1.9 tu. Kwa nini nisichukue hiyo?*

Kama vidole vyako ni vyembamba na unapiga mkono mmoja, chukua. Vibonyezo vyake ni vidogo kuliko vya kawaida. Mimi nikitoka kwenye hivyo nikaingia kwenye kinanda kikubwa, wimbo wa kwanza wote nakosea.

*Mji wa Kale: Ami, sisi ni taarabu. Rast yetu, ile maqam (ngazi ya nota) ya Kiarabu, inasikika kama ya kanisani.*

Kwa sababu nota yenu ya tatu inataka kushuka robo toni, na kinanda cha kawaida hakina robo. Tafuteni chenye uwezo wa kurekebisha kila nota peke yake. Ukianza Rast kwenye C, shusha E na B senti 50, yaani hiyo robo toni. Mfululizo wa PSR-A wa Yamaha umetengenezwa kwa muziki wa Kiarabu. Ila pimeni uzito kwanza, si vyepesi kama hivi.

*Changamwe: Shikamoo mwalimu. Kwaya yetu haina mixa. Naweza kutumia spika ya bluutuuthi?*

Marahaba mwanangu. Bila waya, hapana. Sauti huchelewa, aghalabu sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi, na wewe utabonyeza leo waimbaji wasikie kesho. Angalia nyuma ya spika kama ina tundu la AUX, chomeka waya. Hapo ule wenye jeki ndogo ya stirio kila upande ndio sawa kabisa, kama tundu la kinanda chako nalo ni dogo.